Kunoa kisu kilichopinda: tumbo, ncha na makali ya ndani

Kisu kilichonyooka husamehe mengi. Ukikilaza juu ya kinoo, makali yanakaa kwenye jiwe kwa upana wake wote, na mkono ukiyumba kidogo jiwe lenyewe linakurudisha kwenye mstari. Kisu kilichopinda hakikupi msaada huo. Kwa wakati mmoja jiwe linagusa milimita chache tu za makali, na mahali pa kugusana panahama kila mkono unaposogea. Ndiyo maana visu vingi vinavyonolewa nyumbani hukata vizuri karibu na mpini, vikifika kwenye tumbo (sehemu ya makali iliyobinuka kabla ya ncha) vinararua, na ncha inakuwa ya mviringo. Kazi yako yote ni moja: kila sehemu ya mpindo ipate pembe ileile na muda uleule wa jiwe.

Tazama kwanza mpindo umeelekea wapi

Kisu cha jikoni chenye tumbo, kisu cha kuchunia ngozi, panga, na kile cha nusu mwezi chenye mipini miwili vyote vimebinuka kwa nje. Mundu, kotama na kisu cha kupogolea vimepinda kwa ndani. Jambia lina vyote viwili: makali ya upande mmoja ni ya nje, ya upande wa pili ni ya ndani.

Tofauti hii ndiyo inayoamua vifaa. Makali ya nje hunolewa vizuri kwenye jiwe la bapa. Makali ya ndani hayanoleki hapo, kwa sababu jiwe linagusa pande mbili za mpindo na kuliacha bonde la katikati bila kuguswa. Ukilazimisha, baada ya miezi kadhaa mundu wako utakuwa umeanza kunyooka.

Angalia pia kama makali yameteremshwa (yamesagwa kimshazari) pande zote mbili au upande mmoja tu. Baadhi ya miundu na visu vya kupogolea vina mteremko upande mmoja, upande wa pili ni bapa tupu. Huo wa bapa haunolewi kwa pembe hata kidogo. Unalazwa chapa (bapa kabisa) juu ya jiwe mwishoni ili kuondoa mkunjo, yaani chuma chembamba kinachojikunja kwenye makali wakati wa kunoa, basi.

Vifaa

Kwa makali ya nje, jiwe la namba 1000 linamaliza kazi ya kawaida (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Namba 220 hadi 400 ni la kisu kilichovunjika meno au kilichokuwa butu kabisa, na namba 3000 hadi 6000 ni la kulainisha. Mtu mwenye jiwe moja tu la namba 1000 na kipande cha ngozi hajapungukiwa. Mawe mengi ya maji yanataka kulowekwa dakika 10 hadi 15, mpaka yaache kutoa mapovu. Yale ya kauri magumu yanatosha kumwagiwa maji juu. Jiwe lililozoea mafuta liendelee na mafuta, maana maji hayataingia tena vizuri.

Kwa makali ya ndani, tafuta kitu cha mviringo: fimbo ya kauri, fimbo ya almasi, au kijiti cha mbao kilichozungushiwa msasa wa maji. Hicho cha mwisho ndicho rahisi kuliko vyote na kinafanya kazi safi. Uwe na msasa wa namba 400, 1000 na 2000.

Unahitaji pia maka peni, kitambaa kibichi cha kuweka chini ya jiwe lisiteleze, taa au tochi yenye mwanga mkali, na kipande cha ngozi kilichogundishwa juu ya ubao.

Vile vinoleo vidogo vya kupitisha kisu katikati ya magurudumu mawili viache. Vinakwangua chuma badala ya kukinoa, haviwezi kufika kwenye shina la kisu karibu na mpini, na kwenye tumbo vinakwenda upande usipokuwa makini kuinua mpini sambamba na mpindo.

Pembe, na kwa nini mgongo hauwi na kimo kimoja

Visu vya jikoni hunolewa kwa nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kisu cha kuchunia, 20. Panga, 25 hadi 30, kwa sababu linapigwa kwa nguvu na makali membamba yatakunjika au kumeguka.

Macho hayasomi nyuzi, lakini yanasoma kimo. Pima upana wa kisu kutoka kwenye makali hadi mgongo. Kwa nyuzi 15, inua mgongo kiasi cha robo ya upana huo. Kwa nyuzi 20, theluthi moja. Kwa nyuzi 25, zidi kidogo ya sehemu mbili kwa tano. Kisu chenye upana wa milimita 40 kitainuliwa kama milimita 14 kwa nyuzi 20. Kama hutaki hesabu, chukua kona ya karatasi yenye nyuzi 90, ikunje mara moja upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Simamisha kipande hicho pembeni mwa jiwe kama kipimo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu ncha. Kisu hupungua upana kinapokaribia ncha. Mahali penye milimita 40, mgongo uko juu milimita 14. Mahali penye milimita 20, kimo sahihi ni milimita 7 tu. Ukipeleka mkono mpaka kwenye ncha huku mgongo ukibaki palepale penye 14, pembe inaruka kutoka nyuzi 20 hadi zaidi ya 40. Utasikia jiwe linakwangua, utadhani kazi inaendelea, kumbe unaifuta ncha.

Makali ya nje kwenye jiwe la bapa

Paka wino wa maka peni kwenye mteremko wa makali, pande zote mbili, kuanzia shina hadi ncha. Halafu, juu ya bapa la kisu, chora alama ndogo zinazokigawa sehemu nne: shina, katikati, tumbo, ncha. Utanoa sehemu moja moja. Kujaribu kuvuta kisu chote kwa mkupuo mmoja ulioviringwa ni ufundi wa mkono uliozoea, na hata huo mkono hukosea kwenye tumbo.

Weka jiwe urefu wake ukielekea kwako. Shika mpini kwa mkono wa kulia, makali yakikutazama, ncha ikielekea kushoto (anayetumia kushoto ageuze). Vidole viwili au vitatu vya mkono mwingine vikae juu ya bapa, karibu na makali, moja kwa moja juu ya mahali jiwe linapogusa. Vidole hivyo ndivyo vinavyoamua wapi panakatwa. Vikibaki katikati ya kisu huku unanoa tumbo, tumbo halipati kitu.

Anza na shina. Sukuma na kuvuta mara 2 au 3 tu, kisha inua kisu utazame wino chini ya taa. Wino ukitoka juu, pale mteremko unapoanzia, na kubaki kwenye makali yenyewe, umelaza kisu mno. Ukitoka kwenye makali tu na kubaki juu, umekiinua mno. Ukitoka wote, umepata pembe ya kisu hicho, shika hapo. Rudia kupaka wino unapoingia kila sehemu mpya. Dakika moja ya wino inaokoa saa nzima ya kusugua kwa kubahatisha.

Shina na katikati hazina maneno mengi. Tumbo ndilo lenye mambo.

Unapofika kwenye tumbo, makali yanaanza kupanda kuelekea mgongo. Usipobadilisha chochote, sehemu hiyo inaning'inia juu ya jiwe bila kuligusa. Kwa hiyo zungusha kisu: ncha ije kidogo upande wako, mpini usogee mbele, mpaka kile kipande cha makali unachokinoa kilale kwenye jiwe kwa mwelekeo uleule ambao shina lililala. Ukifanya hivyo bila kubadilisha pembe, utaona mpini umepanda wenyewe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisu chenye mpini ulio sentimita 20 kutoka kwenye tumbo, kikizungushwa nyuzi 30 kwa pembe ya 20, mpini wake hupanda kama sentimita 3 na nusu. Kiwiko kifuate. Kiwiko kikibaki kimegandamana na mbavu, mpini hauwezi kupanda na utaishia kukwaruza bapa.

Kwenye tumbo tumia mikupuo mifupi ya sentimita 4 au 5, usogeze kisu milimita chache baada ya kila mikupuo michache, ili sehemu zipishane. Ukisimama mahali pamoja, jiwe litachonga ubapa mdogo na tumbo litapoteza mviringo wake. Ubapa huo utauona ukikisimamisha kisu kwenye meza iliyonyooka, makali chini, na kukiyumbisha polepole mbele na nyuma: kinapaswa kubingirika bila kusita. Mahali kinaposita ndipo palipochongwa.

Ncha ni sentimita 1 au 2 za mwisho. Inua mpini zaidi kidogo, punguza nguvu iwe nusu, na hakikisha mkupuo unaishia ncha ikiwa bado juu ya jiwe. Ikiteleza na kuanguka nje ya ukingo, inajimega.

Kuhusu nguvu: hatua ya kwanza kandamiza kama kilo 1 na nusu. Ukitaka kujua hiyo ni nguvu gani, weka jiwe juu ya mizani ya jikoni ujaribu. Hatua za mwisho, uzito wa kisu chenyewe unatosha.

Mkunjo ndio unaokwambia uhamie upande wa pili

Unaponoa upande mmoja mpaka jiwe lifike kwenye makali kabisa, chuma chembamba hujikunja kuelekea upande wa pili. Huo ndio mkunjo. Upapase kwa kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, ukivuka makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Utakwaruza ngozi kidogo.

Kwenye kisu kilichopinda, mkunjo wa katikati hauna maana kama kwenye tumbo haupo. Papasa sehemu zote nne. Kwa kawaida shina na katikati zinawahi, tumbo linachelewa. Inayochelewa irudishe kwenye jiwe peke yake; usikinoe kisu kizima upya. Mkunjo ukishapatikana kuanzia shina hadi ncha, geuza upande wa pili ufanye vilevile, ukianzia shina.

Baada ya hapo mkunjo lazima uondoke. Hapa watu huchoka na kuacha, halafu kisu kinakata karatasi vizuri sana siku hiyo, kesho yake butu. Kilichokuwa kinakata ni ule mkunjo uliosimama, nao umeanguka. Pita kwenye jiwe kwa kubadilishana pande: mikupuo 5 huku, 5 kule, kisha 3, kisha 1 kwa 1, kila mara nguvu ikipungua. Halafu jiwe laini kama unalo, mikupuo 10 kila sehemu. Mwisho ngozi: vuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia, mara 8 hadi 10 kila upande, pembe ileile. Kwenye ngozi usisukume makali mbele; yatazama na kuikata. Na mwisho wa kila mvuto usikizungushe kisu kikiwa bado kimegusa ngozi, maana unayaviringisha makali uliyotoka kuyatengeneza.

Makali ya ndani: kisu kinatulia, kinoo kinatembea

Geuza utaratibu wote. Funga kisu kwenye jiliwa (kifaa cha kubania kitu kwenye meza ya kazi), bapa la kisu likiwa kati ya vipande viwili vya mbao, makali yakiwa juu na nje. Bila jiliwa, bana kwa klampu ukingoni mwa meza. Jambia au kisu chochote chenye makali mawili, funga utepe mnene wa kunata upande usionolewa kabla hujakibana.

Chagua unene wa kijiti kwa kukiweka ndani ya mpindo na kumulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukionekana katikati, chini ya kijiti, ni kinene mno: kinagusa pembeni tu. Mwanga ukionekana pande zote mbili na katikati pamegusana, kinafaa. Kati ya vinavyofaa, chagua kinene kuliko vyote. Kijiti chembamba mno kinachimba vibonde na makali yanakuwa na mawimbi. Kwa mundu mpana, kijiti cha milimita 25 au zaidi ni sawa. Kwa kisu cha kupogolea kilichojikunja sana, milimita 10 hadi 12.

Msasa uzungushwe kwa kubana, mshono ukiwa upande usiotumika, na ushikiliwe kwa utepe wa kunata kwenye ncha zote mbili. Karibu na mkono, toboa kipande cha gamba nene au ngozi ukivishe kwenye kijiti kiwe ngao ya vidole. Hii si ya hiari. Mkono unaosukuma kuelekea makali yaliyobanwa ukiteleza, hauna pa kukimbilia.

Paka wino kama kawaida. Kisha sukuma kijiti kikivuka makali na papo hapo kikiteleza kuelekea ncha, ili kila mkupuo uende kimshazari. Kikivuka tu bila kusogea, kinachimba pengo mahali pamoja. Kila mkupuo uchukue robo ya mpindo hivi, na unaofuata upishane nao kwa nusu. Zungusha kijiti mkononi kila baada ya mikupuo 10 ili msasa uishe sawasawa. Anza na namba 400 mpaka upate mkunjo mpindo mzima, halafu 1000, halafu 2000. Namba 2000 ivutwe kutoka mgongoni kuelekea makali tu, kama kwenye ngozi.

Kama mteremko uko upande mmoja, mkunjo utakuwa upande wa bapa. Uondoe kwa kulaza kijiti hichohicho chapa kwenye bapa, bila kukiinua, mikupuo 3 au 4 mepesi. Ukiinua hata kidogo utaanzisha mteremko wa pili.

Mundu wenye meno madogo usipigwe tupa kwenye meno. Sugua upande usio na meno kwa jiwe laini, chapa, kidogo tu.

Panga, tupa na grinda

Panga na mundu wa kawaida vina chuma laini kuliko kisu cha jikoni, kwa hiyo tupa inafaa. Jaribu kona moja: tupa ikishika na kutoa unga wa chuma, endelea. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu na unaua tupa. Rudi kwenye jiwe. Tupa hukata ikisukumwa, kwa hiyo iinue inaporudi. Kwenye tumbo la panga tumia tupa ya bapa, ukifuata mpindo kwa mkupuo wa kimshazari. Kwenye mundu, tupa ya nusu duara au ya mviringo. Maliza kwa jiwe au msasa, kwa kuwa makali ya tupa peke yake ni ya misumeno midogo na yanawahi kuchoka.

Grinda inafaa kurudisha umbo la panga lililovunjika, si kunoa. Kwenye mpindo, gurudumu linakaa mahali padogo na joto linapanda haraka, hasa kwenye ncha iliyo nyembamba. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimeshapita karibu nyuzi joto 290 za Selsiasi na ugumu wake umeondoka hapo. Hakirudi kwa kuchovya maji. Itabidi usage mpaka upite sehemu ile. Kwa hiyo gusa sekunde 2 au 3, chovya, gusa tena, na ukome kabla makali hayajawa membamba. Miwani ya kazi usiiache.

Kupima, na kusoma makosa

Elekeza makali kwenye taa. Makali yaliyonolewa hayaonekani. Sehemu butu inarudisha mwanga kama mstari au nukta nyeupe. Kisha kata karatasi kwa kila sehemu peke yake: shina, katikati, tumbo, ncha. Kukata kwa kisu chote kwa mvuto mmoja kunaficha sehemu mbovu.

Tumbo likirarua huku sehemu nyingine zinakata, mpini haukupanda vya kutosha au vidole havikufuata. Mikwaruzo ikiwa juu ya bapa karibu na tumbo, kisu kililala mno. Ncha ikiwa mviringo, kwanza rekebisha umbo kwa kusaga upande wa mgongo ukishuka kuelekea makali, usiguse makali yenyewe mpaka ncha irudi. Karibu na mpini kukianza kuingia bonde, unakandamiza sana shina. Liruke kwa mizunguko kadhaa ya kunoa. Mawimbi kwenye makali ya ndani yanataka kijiti kinene zaidi na mikupuo mirefu.

Osha unga wa chuma, kausha kabisa, na kisu kinachoshika kutu kipakwe mafuta membamba. Mafuta ya kupikia huganda na kunata yakikaa, kwa hiyo kisu kinachokaa kabatini muda mrefu kinataka mafuta ya madini yanayoruhusiwa kugusa chakula.

Kati ya kunoa na kunoa, fimbo ya kauri inatosha. Kwa kuwa ni ya mviringo inaingia makali ya nje na ya ndani vilevile: mivuto 3 hadi 5 kila upande, pembe ileile, nguvu ndogo. Fimbo ikishindwa kurudisha makali hata ukirudia, rudi kwenye namba 1000.